Mtoto wa Bilha kwa Kadi ya Wifi Yake

"Mama, huyu mtoto si wako."

Hayo Bilha aliambiwa na karani wa rekodi, mwaka wa 2004, katika hospitali moja ya Kitale. Mtoto mwenyewe alikuwa mgongoni, ana wiki tatu, amelala fofofo.

Bilha alidhani anataniwa.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alihitaji karatasi ya kuzaliwa ili amwingize mtoto kwenye kadi yake ya bima ya hospitali. Mumewe Khisa, fundi wa baiskeli, alikuwa amemwambia ile ya kwanza imepotea.

"Soma mwenyewe." Karani akamgeuzia kitabu.

Tarehe ni ile. Kitanda ni kile.

Mama: Nakhungu. Baba: Wakhungu. Kwao: Malakisi.

Nakhungu ni wifi yake, dada ya Khisa. Na aliyejaza fomu, Bilha akiwa bado hajazinduka baada ya kupasuliwa, ni Khisa.

Alimkuta nyumbani anakunywa chai.

"Umemwandikisha mtoto wangu kwa nani?"

Kofi lilitangulia jibu. Bilha akaanguka, mkono mmoja kwa mtoto, mwingine kwa mshono.

"Si utazaa mwingine?" Khisa akafoka. "Dada yangu amekosa mtoto miaka saba, bwana yake anamuua na kichapo! Amejifunga matambara tumbo miezi tisa. Jumapili napeleka mtoto."

Bilha hakungoja Jumapili. Asubuhi Khisa alipotoka, alitia kisu cha jikoni kwenye mfuko wa nepi, akashika njia ya Bungoma, kisha Malakisi.

"Nilikuwa naenda kuua mtu," aliniambia. "Sikudanganyi."

Mayowe aliyasikia kabla hajafika. Majirani walikuwa wamejipanga kwenye ua, hakuna anayeingia.

Ndani, Wakhungu, karani wa ghala la tumbaku, alikuwa amemkanyaga mkewe shingoni, anamchapa kwa ubapa wa panga.

"Mtoto ako wapi? Nimemwandika kwa bima! Nimeambia mhasibu anipunguzie kodi, akanicheka mbele ya watu, ati Kenya mtoto hapunguzii mtu kodi. Sasa kazi nzima wanauliza mtoto. Ako wapi?"

Nakhungu, mdomo umejaa damu, akamwona Bilha. Akamwona na mtoto mgongoni.

"Mulamwa," akamwita wifi yake kwa sauti ya chini, "mwambie ni wangu. Leo tu."

Wakhungu akageuka. "Kumbe ndiye huyu! Lete hapa."

Bilha akakishika kisu ndani ya mfuko. Akisema ndiyo, mtoto ameenda. Akisema hapana, Nakhungu ni maiti.

Na ni Nakhungu huyo ambaye Bilha alikuja kumchoma.

"Ni wangu," Bilha akasema. "Nimepasuliwa juu yake."

Wakhungu akainua panga. Safari hii makali yalitazama chini.

Bilha alikisahau kisu. Akanyakua mchi kando ya kinu, akampiga kwenye mkono wa panga. Mfupa ukalia ko! Akampiga goti. Akampiga ubavu. Alipiga mpaka majirani wakamshika, damu ya mshono inatiririka hadi kwenye viatu, mtoto anapiga kelele mgongoni.

Polisi walifika, wakauliza ni nani amemvunja huyu mtu.

Nakhungu akajiinua kwa magoti. "Ni mimi."

Polisi wakawageukia majirani.

Kisha jirani mmoja akasema, "Ndiye. Tumeona. Alikuwa karibu kuuawa." Na wengine wote wakaitikia.

Nakhungu alilala seli siku mbili, Bilha akishonwa upya hospitalini. Akaachiliwa, kwamba alijitetea. Wakhungu akafungwa.

Kurekebisha ile karatasi kulichukua miezi mitano, na kiapo kilichohitajika alikiapa Nakhungu mwenyewe, mbele ya hakimu, huku analia. Siku mtoto alipoingia kwenye kadi ya Bilha, waliitazama kadi pamoja.

Khisa alifukuzwa, sufuria hata moja hakubeba. Nakhungu anaishi na Bilha mpaka leo. Mtoto anamwita senge, yaani shangazi.

Wewe uliyejifungua majuzi, hiyo karatasi usiache mtu akujazie, hata mnayelala kitanda kimoja. Isome jina kwa jina kabla hujatoka wodini.

Na ukisikia mwanamke analia kwa jirani, usisimame kwenye ua. Ingia.