Insha Iliyosomwa Mbele ya Baba

Moshi wa kiwanda cha shaba ulipokoma mjini Likasi, Kongo, nyumba yetu ya mtaa wa Kikula ilibaki na harufu moja tu, ya samaki wakavu wa ziwa Tshangalele ambao Mama aliwauza sokoni. Nilikuwa na miaka kumi na sikuweza kutulia; hakuna aliyeweza. Kila asubuhi Baba alivaa kofia yake ya kiwandani, akatoka, akarudi jioni nguo zikiwa safi kama alivyoondoka nazo, nasi tukampokea kama mtu aliyetoka kazini. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Dada yangu mkubwa, yaya Odette kama tulivyomwita, ndiye tuliyemwekea matumaini yote, kwa kuwa alikuwa ameingia mwaka wa kwanza wa chuo.

Kwetu kila kazi ya shule ilisomwa kwa sauti mbele ya Baba, naye akaiombea kabla haijapelekwa. Insha ya kwanza ya Odette, juu ya maisha ya mji wetu, ilianza jinsi tunavyoanza ushuhuda kanisani: salamu kwa wote, shukrani kwa Mungu, kwa wazazi, kwa walimu, ukurasa mzima. Baba alisema amina kwa sauti nzito. Mwalimu wake wa chuo akaikataa, akamwonya Odette kwamba ya pili ikiwa vilevile, mwaka umempotea.

"Weye unasalimia tu watu," alimwambia. "Anza na kitu moja ulionaka na macho yako. Kisha useme iko na maana gani."

Odette alitusimulia shauri hilo, halafu chakula kikamshinda. Kile alichokiona kwa macho yake sote tulikijua. Siku nzima alizunguka uani akiandika na kukata maneno, nami nikimfuata nyuma, nikitamani aandike juu ya soko, juu ya mvua, juu ya chochote kingine.

Jioni alisimama mbele ya Baba. Akasoma sentensi ya kwanza: baba yangu huvaa kofia kila asubuhi na kwenda kwenye kiwanda kilichosimama. Mama aliwainamia samaki wake. Nilimchukia Odette kwa moyo wangu wote. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akaweka mikono juu ya karatasi kama kawaida, lakini sala haikuja.

"Iko kweli," alisema. "Peleka."

Odette alifaulu, akamaliza chuo. Leo mimi ndiye ninayefundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hapa hapa Likasi. Wananiletea utangulizi mzuri walioutoa kwenye simu, laini, usiomgusa mtu yeyote. Nawaambia waanze na kitu walichokiona kwa macho yao. Nikisema hivyo nageukia ubao nisiwatazame, kwa sababu baada ya jioni ile Baba hakutaka tena kusomewa chochote. Insha zangu zote nilizipeleka shule bila kuombewa.