Kutafsiri Nikiwa Nimekaa

Kiluganda nilijifunza mwenyewe, kwa redio na kwa kubishana na wauza ndizi wa Namuwongo, mtaa wetu hapa Kampala. Ndiyo maana kanisani kwetu niliwekwa kuwa mkalimani. Mchungaji anahubiri kwa Kiswahili cha Bukavu, na majirani Waganda wanaoabudu nasi wananitegemea mimi. Mkalimani husimama kando ya mhubiri. Mhubiri akipaza sauti, mkalimani naye anapaza, akitembea naye anatembea. Sikutaka neno lianguke. Kila Jumamosi nilifanya mazoezi mbele ya kioo.

Kisha nikapata homa ya virusi. Ikapita, ila mengine yakabaki. Nikipanda ngazi, moyo unadunda kama nimekimbizwa. Nikifua leo, kesho siamki. Kilichonitisha zaidi ni kichwa: sentensi inaingia nzima, na kabla sijafungua mdomo nusu yake imeshapotea. Vipimo havikuonyesha kitu. Daktari alisema wapo vijana wanaobaki hivyo kwa miezi baada ya virusi, akanishauri nipumzike kabla sijachoka. Sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba nikikosekana, watu wataona ibada inaendelea vizuri bila mimi.

Jumapili moja mchungaji alichangamka. Alimaliza sentensi ndefu, akaningoja. Nami nikairudia kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili kilekile, hata mkono nikauinua kama wake.

“Hiyo tumeshaisikia, dada,” mama mmoja wa kwaya alisema kutoka benchi la mbele. “Sasa wape na Waganda.”

Watu wakacheka. Nikajaribu tena, kikatoka Kiswahili tena. Nikakaa chini palepale madhabahuni, maikrofoni mkononi.

Baada ya ibada mchungaji alinifuata, yule mama nyuma yake.

“Binti yangu, umefunga bila kuniambia?”

“Hapana, Baba. Bado naumwa.”

“Si ulipona? Ushuhuda wa kupona uliutoa mwenyewe hapa kanisani.”

“Homa ndiyo iliyoisha.”

Nikamweleza yote, hata kioo, hata woga wangu. Alisikiliza huku akijifuta jasho.

“Basi tukuombee.”

“Niombeeni. Na kiti pia mnipe. Na sentensi zako, Baba, uzikate.”

“Azikate,” mama alisema. “Hata sisi wa Kiswahili tunachoka.”

Jumapili iliyofuata nilitafsiri nikiwa kwenye kiti cha plastiki, nikiona aibu kama mgonjwa aliyeletwa kuonyeshwa. Katikati ya mahubiri, kabla sijachoka, nilimpa maikrofoni dada mmoja Mganda aliyeolewa na Mkongomani. Alifupisha, akaruka maneno, mahali pengine akabuni. Kila mara nilijizuia kumsahihisha. Waganda wakaitikia amina kama kawaida, na hakuna aliyegeuka kunitazama.

Iliniuma, sitaficha. Lakini nilifika nyumbani nikiwa na nguvu za kutosha kupika sombe, kisamvu cha kwetu, na Jumatatu niliamka.