Ruhusa ya Mzee Kwa Nini

Sisi wa chumba cha kufulia mashuka ya hospitali tulimwita msimamizi wetu Mzee Kwa Nini, na jina lilimkaa. Ukitaka ruhusa ya siku moja unamkuta mezani, miwani imeshuka hadi ncha ya pua.

"Kwa nini?"

Mtoto anaumwa.

"Anaumwa nini? Anakula? Nyumbani amebaki nani?"

Utaulizwa mpaka habari za jirani, na mwisho utapewa. Tulimsengenya kweli. Mtu anataka siku moja tu, anahojiwa kama mwizi wa kuku.

Ndipo wakubwa wakaleta akili bandia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikaingizwa kwenye simu zetu, ikawa ndiyo inayopanga zamu, inayogawa kazi, inayotoa ruhusa. Unaandika siku unazotaka, na simu hujairudisha mfukoni umeshajibiwa: imekubaliwa. Haina kisirani, haina upendeleo, haiulizi. Tulifurahi, tusidanganyane. Hata zamu ilizipanga vizuri kuliko yeye.

Mzee hawakumfukuza. Walimwachia meza na kiti, basi. Akawa anashinda akikunja foronya ambazo hakuna aliyemwagiza azikunje, nyingine anaziweka kando na kuondoka nazo. Tukipita tunamsalimia, anaitikia, halafu anatutazama kama mtu mwenye neno. Nasi tuna haraka zetu. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na dada yake mkubwa tu, aliyemlea tangu mdogo, wakiishi pamoja vyumba viwili nyuma ya soko. Dada huyo alikuwa mgonjwa na sisi hatukujua, maana pale kazini mwenye kujua habari za watu alikuwa yeye.

Jumatatu moja asubuhi nilimkuta amesimama karibu na mashine ya kukaushia, koti hajavua, simu mkononi.

"Imegoma, mzee?"

"Haijagoma. Nimeomba ruhusa, nimepewa. Siku tano."

"Si vizuri?"

"Vizuri." Akaigeuza ile simu, akatazama mgongo wake, akaigeuza tena. "Nilikuwa nasubiri iniulize."

Simu yangu nayo ikaanza kulia mfukoni, inanikumbusha kwamba pasi yangu imesimama. Niliiacha ilie.

"Kwa nini, mzee?"

"Dada amefariki alfajiri."

"Pole sana, mzee. Alikuwa anaumwa nini?"

Akakaa juu ya furushi la mashuka machafu, jambo ambalo sisi angetukaripia, akanieleza yote. Ulianza mguu kuvimba, kisha akawa hataki kula hata uji. Mwisho akalazwa hapa hapa, ghorofa ya juu, na muda wote huo mashuka yake tulikuwa tunayafua sisi.

"Foronya nilikuwa nampelekea mimi mwenyewe," akasema. "Alipenda ikunjwe vizuri. Kila asubuhi nasema leo nitawaambia hawa watu. Sasa mtu unaanzaje, hujaulizwa?"

Nilitamani kulia, nikaona si zamu yangu. Nikatafuta la kumuuliza, nikakumbuka swali lake mwenyewe.

"Na nyumbani amebaki nani?"

Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shuka, akaivaa tena.

"Hakuna mtu," akasema. "Ndiyo maana nimekuja huku."