Mabesi wa Maestro Wilondja

Fabien Wilondja alikuwa mpiga violonseli pekee kati ya Uvira na Kalemie, na hakuna aliyemshindania cheo hicho, kwa sababu hakuna aliyekitaka. Violonseli ni ile fidla kubwa inayopigwa imesimamishwa katikati ya magoti. Alifundishwa kuipiga na masista wa Bukavu, akaenda kuisomea Kinshasa, kisha akarudi Baraka na diploma, chombo mgongoni, na tabia ya kutoitika ukimwita Fabien. Ulisema "Maestro", au uliongea na ukuta.

Alikuwa ameota okestra ya watu sitini waliovaa nyeusi. Baraka ikampa kwaya ya parokia: bamama wauza ndagala, dagaa wa ziwani, walimu wasiolipwa mshahara, na vijana wa kuvuta nyavu. Vita vilipofunga barabara ya Bukavu na nyuzi za violonseli zikakatika, alifunga nailoni ya kuvulia samaki wa mikeke. Chombo kikaanza kulia kama ng'ombe mwenye mafua. Maestro akatangaza kwamba hiyo ndiyo sauti ya Afrika ya karne ijayo.

Sauti mbovu hakuzionea huruma. Aliyeteleza nje ya noti alitolewa siku hiyo hiyo, mbele ya wote. Wa kwanza kutolewa alikuwa shemeji yake, na mpaka leo familia hizo mbili hazialikani harusini.

Mwaka 1999 akaingia Kamanda Jacques, mkombozi mwingine wa Baraka. Wakombozi wote walifuata utaratibu mmoja: walikomboa kuku kwanza, kisha mbuzi, kisha vijana wa kiume. Kamanda Jacques aliongeza jambo moja jipya. Alitaka wimbo wa taifa. Taifa lake lilianzia kwenye kizuizi cha barabara ya Mboko na kuishia pale petroli ilipomwishia, lakini wimbo aliutaka.

"Maestro," alisema, miguu juu ya meza, "nataka wimbo mukubwa. Na ile fidla yako yenye tumbo. Na jina yangu iwe mule ndani mara mingi."

"Ndiyo, Afande. Lakini wimbo wa namna hiyo unahitaji mabesi."

"Mabesi njo nini?"

"Wanaume wa sauti za chini. Ni kama miguu ya hiyo meza, Afande. Bila wao jina lako litaanguka."

Kamanda alishusha miguu yake, akaitazama meza. Kisha akatoa amri: askari yeyote asiguse besi wa Maestro mpaka wimbo uive.

Maestro hakuwa anaokoa mtu. Alikuwa anaokoa akordi, ule mwafaka wa sauti. Wanaume wake walikuwa wameanza kuchukuliwa mmoja mmoja kupelekwa mstari wa mbele, na kwaya ilikuwa inabaki juu juu, kama nyumba iliyong'olewa nguzo.

Lakini mji ulielewa kwa namna yake. Mazoezi yaliyofuata, ua wa kanisa ulijaa. Kila mama mwenye kijana wa kiume alikuja naye, amemshika mkono kama anampeleka kuchanjwa. Mama Pulchérie, muuza sombe, majani ya mihogo, alimsukuma mbele mwanawe Néhémie.

"Imba," Maestro alimwamuru.

Néhémie aliimba. Kuku wawili waligeuka kumtazama.

"Mama, huyu si besi."

"Ni besi, Maestro. Sauti imeanza kushuka jana. Iko njiani."

Maestro alimkubali kwa sababu alibaki kwenye noti. Wengine aliwachuja. Mmoja wao alikuwa Willy, kijana wa mtumbwi, mwenye kifua kipana na sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Alijaribu noti ya fa diezi mara tatu, mara zote akaanguka chini yake. Maestro akamwonyesha njia kwa fimbo yake ya kuongozea.

Askari walimchukua Willy akiwa anashona wavu, wakampandisha milimani juu ya Fizi. Kabla wavu huo haujapata mtu wa kuumalizia, habari ikashuka kwamba amekufa. Maiti haikushuka.

Immaculée, mwalimu wa shule ya msingi aliyeongoza alto, wanawake wa sauti ya pili, alimfuata Maestro uani kwake. Hakubisha hodi.

"Willy amekufa ju ya fa diezi," alisema.

"Immaculée, nilimpa nafasi tatu..."

"Njo vile utasema kwa mama yake? Ulimupatia nafasi tatu?"

Tangu siku hiyo Maestro hakumfukuza mtu. Mabesi wakafurika: wenye kwikwi, wenye kigugumizi, mmoja kiziwi wa sikio moja, wengine ambao ndevu zao zilikuwa bado tetesi. Maestro aliwafundisha huku amekunja uso kama mtu anayeng'olewa jino. Kamanda akiuliza, "Umeiva?" alijibu, "Bado, Afande. Mguu mmoja wa meza ni mfupi." Ikapita mvua, kikapita kiangazi, na mguu ukabaki mfupi.

Kisha likatokea balaa ambalo hakuna aliyelitazamia. Wakajua kuimba.

Mtu anayeimba ili asipelekwe kufa hachelewi mazoezi wala hasinzii wakati wa zamu ya tena, wanaume wa sauti za juu. Alasiri moja Maestro alipiga noti, mabesi wakaingia, na ua mzima ukatetemeka polepole kama mashua kubwa inapowasha injini. Sauti za tena zikakaa juu yao, za alto zikakaa juu ya tena. Hakuna aliyeteleza. Hata Néhémie, ambaye sauti yake ilikuwa kweli imefika. Maestro aliweka upinde chini, akalia bila kujificha. Okestra yake ilikuwa imekuja, ila imevaa kandambili.

Juma hilo hilo Kamanda akatangaza kwamba ujumbe wa wakubwa unatoka Uvira Jumapili kusikiliza wimbo. Mabesi wakishaimba, malori ya kuwapeleka mstari wa mbele yatawangoja nje. Wimbo umekwisha, kazi yao imekwisha. Na katika ujumbe yumo mshauri wa utamaduni, Bwana Roger, aliyesoma darasa moja na Maestro Kinshasa.

"Ikitoka muzuri, banaenda," Immaculée alimwambia Maestro. "Ikitoka mubaya, Afande hatakubali iishe vile."

"Unaniomba niharibu?"

"Nakuomba."

"Mbele ya Roger! Unajua Roger? Alisema mbele ya darasa kwamba mkono wangu ni wa kupanda mihogo!"

"Basi panda mihogo, Maestro."

Jumapili, Kamanda alikaa mbele amevaa miwani myeusi ndani ya kanisa. Roger alikuwa kando yake, suti ya kijivu, mguu juu ya mguu. Kwaya hii haikuwa na kinanda. Ilichukua noti yake ya kwanza kwenye violonseli, na kwa miaka Maestro alikuwa amewakaririsha amri moja: chombo hakihojiwi, hata mkidhani kimekosea, fuateni.

Alijua noti ilipo. Kidole kilitaka kwenda chenyewe. Akakisukuma juu, juu zaidi, mbali kabisa na pale palipostahili, akavuta upinde.

Mabesi walitazamana. Kisha, kwa utii ambao jeshi la Kamanda Jacques halikuwahi kuuona, wakafuata. Soprano walipaa mpaka wakakosa hewa. Wanaume wa tena walikohoa. Na jina la Afande, ambalo lilipaswa kutua kwa heshima kwenye vifua vya mabesi, lilitoka kama nguruwe anayeburutwa. Lilikuwemo mara kumi na mbili. Wakubwa wa Uvira walianza kwa kukohoa, wakaishia kupiga magoti yao kwa kicheko. Roger alivua miwani kufuta machozi.

Kamanda alisimama, shingo imevimba. "Hii njo wimbo? Hii?"

"Haujaiva, Afande," alisema Maestro.

"Hakuna besi atatoka hapa! Hata moja! Mutaimba mpaka hawa bantu ba Uvira barudi na bafunge midomo!"

Malori yakarudi matupu. Mlangoni Roger alimwekea Maestro mkono begani. "Wilondja, ndugu yangu. Vita vimekula masikio yako."

Maestro aliwatazama mabesi, waliokuwa wakinong'ona pembeni kwa hasira juu ya noti ile, na askari waliosimama karibu nao. Neno moja tu lingemrudishia heshima ya diploma yake.

"Ndiyo," alisema. "Ni masikio."

Kamanda Jacques alikimbia kabla ya mvua nyingine, na mkombozi aliyefuata hakuwa na shauku ya muziki. Lakini alikuta mabesi wengi wameshavuka ziwa kwenda Kigoma. Roger aliisimulia Jumapili ile Uvira, Bukavu, na amani ilipokuja, Kinshasa. Watu walipokusanya wanamuziki wa majimbo kwa tamasha la amani, jina la Wilondja lilitajwa ili wacheke, wakaendelea na kazi.

Wakimbizi waliporudi, Mama Pulchérie alimkuta Maestro sokoni, akamwongezea fungu la sombe bila kuombwa.

"Maestro, usikasirike. Néhémie ameingia kwaya ya Baprotestanti. Iko anasema kule banajua muziki."

Maestro alipokea sombe, akashukuru. Akauliza tu wanafanya mazoezi siku gani, apate kupita njia nyingine.