Uzito wa Gramafoni ya Kabati

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa duka la gramafoni pale Tabora alinipa koti jeupe kabla ya kunipa bisibisi. "Mteja akikuona na koti, maswali atakuuliza wewe," alisema. Nilijiona daktari. Kazi yenyewe ilikuwa kubadilisha sindano na kukaza springi, ile inayozungusha santuri baada ya mtu kupiga hendeli.

Tuliuza aina mbili. Ya sanduku ilikuwa ndogo, ya kubeba kwa mkono. Ya kabati ilikuwa ya mbao za mninga zilizopakwa vanishi mpaka ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu, kwa bei mara tatu. Ndani, vijana wangu, zilikuwa kitu kimoja. Seremala wa mtaa wa Isevya alileta kabati tupu. Mimi nikatoa mtambo sandukuni nikaupachika humo. Kisha, kwa amri ya Meneja, nikafunga matofali mawili chini yake, maana wateja wetu walikuwa na desturi ya kunyanyua kitu kabla ya kukinunua.

Asubuhi moja akaja Mzee Lugembe kutoka Ziba. Ujanani alikuwa mpagazi, akibeba mizigo ya misafara hadi pwani. Sasa alikuwa ameuza ng'ombe ili mkewe, asiyeweza tena kutoka kitandani, asikie nyimbo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka yenye sauti nzuri. Mama yenu hana haja ya kuitazama."

Meneja akamwonyesha ya kabati. Mzee akainyanyua, akaiyumbisha kidogo, akaiweka.

"Uzito wake umelala chini kama maiti. Humu mna nini?"

"Chuma, mzee," alisema Meneja. "Sauti nzito hutoka kwenye chombo kizito."

Mzee hakumtazama. "Ni kweli, fundi?"

Nilimtazama Meneja, nikatazama koti langu, nikajibu kisomi kwamba kile ni kituliza mtetemo. Jina hilo nililitunga papo hapo. Baadaye nilisoma chuo kikuu, na sikuwahi tena kuwa mwongo fasaha kiasi hicho.

Alinunua. Aliposhuka kwenye basi aliibeba kichwani hadi kwake.

Baada ya mavuno alirudi, akafungua kitambaa juu ya kaunta. Matofali yangu mawili.

"Yalikuwa yakigonga humo ndani wakati mama yenu akisikiliza. Nimeyatoa. Sauti haikupungua."

"Mwambie haturudishi pesa," Meneja aliniagiza, kama vile mzee hasikii.

"Sikufuata pesa," alisema Mzee Lugembe. "Nimebeba mizigo ya Waarabu, nikabeba ya Wazungu. Wote walinilipa. Nyinyi ndio wa kwanza kunibebesha mzigo nikawalipa mimi."

Akatoka. Meneja akafikiri, kisha akaamrisha kwamba kuanzia siku hiyo matofali yavikwe gunia, yasigonge. Nikayavika. Nikayavika miaka miwili zaidi, na hilo linanikera kuliko lolote alilofanya yeye.

Sasa nimestaafu, na vijana hunipeleka madukani wanapochagua redio kaseti zenye taa zinazochezacheza. Huniuliza kama sura ya chombo ina maana ukilipa pesa nyingi. Ina maana kubwa mno. Ndiyo tuliyokuwa tukiiuza. Nawaambia wamtake muuzaji afungue mgongo wa chombo. Akikataa, tunaondoka. Akikubali, wachungulie wenyewe, wala wasimuulize fundi.