Mutoto Aliyeandikwa kwa Babu Yake

Emerance Nyirarukundo ni binti wa Twagirimana, yule aliyeshusha ng'ombe zake kutoka Masisi hadi pembeni ya ziwa mwaka wa vita bila kupoteza hata ndama. Ni mujukuu wa Mukagasana, aliyezalisha wanawake wa vilima vitatu na hakuomba malipo zaidi ya chumvi. Yeye mwenyewe alijenga nyumba yake ya Mabanga, mutaa wa Goma, mara mbili: mara ya kwanza chini, mara ya pili juu ya mawe meusi ya volkano yaliyomeza ile ya kwanza. Na ni mama wa mutoto mumoja, Samy. Mutaa mzima unamuita Mama Samy. Kuanzia wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, mpaka padri, hakuna aliyewahi kumuuliza ushahidi.

Kazi yake ni kuuza fromaji, jibini ya maziwa ya Masisi. Barabara ikifunguka zinakuja, zimefungwa kwa majani; barabara ikifungwa anakaa mbele ya meza tupu na bado anapanguza meza. Anagonga fromaji kwa kidole kimoja kama mutu anayebisha hodi, na kwa sauti anajua kama ndani imeiva. Mutu akitaka kuonja mara ya pili, anamuuliza kama alikuja kununua ama kushinda hapo.

Samy alimuzaa akiwa bado musichana nyumbani kwa baba yake. Baba wa mutoto alikuwa mwalimu kijana, homa ikamuchukua kabla familia yake haijaleta ng'ombe ya mahari. Kwao, mutoto wa namna hiyo hatupwi wala hafichwi: ni wa babu yake. Basi muzee Twagirimana alivaa koti lake la harusi, akabeba mutungi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi, akaenda ofisini kwa chefu. Akamuandikisha Samy kama mutoto wake mwenyewe. Baba: Twagirimana; mama: muke wake. Aliporudi alisema, "Sasa mutoto ana baba." Emerance akapiga magoti, akashukuru. Alishukuru kwa moyo wote, maana wasichana wengine wa kilima walifukuzwa na mimba zao.

Miaka ikapita, vita vikamusukuma Samy mpaka kambi moja ya Uganda. Watu wa mambo ya wakimbizi wakamuuliza wazazi wake ni nani. Akajibu vile alivyoandikwa: ni Twagirimana na muke wake, wote wamekufa. Ndugu? Dada mukubwa, Emerance. Hakuona kama anadanganya. Mutu anaweza kudanganya namna gani na karatasi ya chefu iko mukononi? Wakamupeleka Amerika, akafanya kazi ya kukata kuku, akaapa, akawa raia wa kule. Kisha figo zikamushinda. Sasa analazwa mara tatu kwa juma kando ya mashine inayosafisha damu yake. Muke wake ameondoka. Akitoka pale hana nguvu hata ya kuchemsha maji, na madaktari wamemukataza safari za mbali.

Ndiyo sababu Emerance alianza kutafuta viza. Hakutaka kuona Amerika. Alitaka kumupikia mutoto wake uji.

"Ukifika kule," Micheline alimuambia, yule mama wa Butembo anayeuza maharagi meza ya pili, "watakulisha fromaji ya plastiki. Utatuma mutu huku akuletee yako mwenyewe."

"Nitakula hiyo plastiki, dada. Nitaitafuna nikiwa nimekaa karibu naye."

"Na viza ikikawia, kuna watu mujini wanatengeneza cheti cha kuzaliwa kizuri kuliko cha kweli."

"Usinifundishe wizi na uzee huu."

"Mimi nimesema tu kuna watu," Micheline akasema, akarudi kupepeta maharagi.

Emerance hakuenda kwa watu hao. Alienda kwa Maître Bashige, avoka wa sheria anayepokea watu siku ya nne ya juma katika chumba cha parokia, bila malipo. Alimubebea fromaji nzima, maana mutu haendi kwa mutu mikono mitupu. Rosine, binti wa ndugu yake Célestin, alimusindikiza, akiwa na mutoto wake muchanga mugongoni.

Bashige ni mutu wa sauti ya chini. Alikuwa amekwisha kuandikiana na avoka mwenzake wa Amerika. Aliweka fromaji pembeni kwa heshima, akasema:

"Mama, sheria ya kule inampenda mama. Mutoto akiwa raia na mutu muzima, anaweza kuomba mama yake aje kuishi naye, na mama hapangi foleni ya miaka. Njia hiyo ni nzuri kuliko zote."

Emerance akatazama Rosine, macho yakang'aa. "Basi tuingie hapo hapo."

"Hapo njo kuna shida. Wewe kwa karatasi ni nani kwa Samy?"

"Karatasi ni ya muzee. Mimi nilimuzaa. Uliza mutaa."

"Mutaa nauamini. Wao watafungua dosie, faili ya ukimbizi ya Samy, na humo mama yake amekufa zamani."

"Wapime damu, basi."

"Wanaweza kupima, na damu itasema uko mama yake. Kisha watamuuliza yeye: kwa nini ulituambia mama yako amekufa?"

Mutoto wa Rosine alikohoa, Rosine akamutikisa.

"Atawaeleza desturi," Emerance akasema. "Si ni watu wenye masikio?"

"Atawaeleza, na mimi nitaandika desturi hiyo vizuri, na wazee wataweka saini. Mwenzangu anasema inawezekana waelewe. Inawezekana pia waseme aliingia kwao kwa uongo, wafungue upya hata uraia wake. Anafikiri hawatafika huko. Lakini nikimuuliza kama anaweza kuapa, anakataa. Na mimi siwezi kuapa mahali yeye amekataa."

"Wakifungua uraia, na mashine?"

Bashige alivua miwani, akaipanguza.

Emerance hakuwa mutu wa kuondoka mezani kwa neno moja. Akauliza kuhusu udada, kama karatasi ilivyosema. Bashige akasema kaka raia anaweza kumuombea dada, ndiyo, lakini foleni yake inapita miaka kumi na tano, na Samy hana miaka hiyo. Tena yeye kama avoka hawezi kuapisha mutu kitu anachojua si kweli. Akauliza kuhusu kutembea tu, mwezi mumoja, apike uji, arudi.

"Hata kutembea, watakuuliza huyu mugonjwa ni nani kwako. Ukisema dada, umeapa uongo. Ukisema mama, umemushitaki Samy. Na hata ukipita hapo, mama, watatazama Goma ilivyo leo, watasema huyu hatarudi."

"Kwa hiyo milango yote mulinzi ni mumoja."

"Ni mumoja, mama."

Alisimama, akamushukuru kwa kumuambia ukweli. Bashige alitaka kumurudishia fromaji. Emerance alimutazama mpaka akaiacha.

Samy alipiga simu jioni ile, akitoka kwenye mashine. Emerance alimueleza yote, hakupunguza kitu. Rosine alikuwa anamenya viazi pale pale, akisikia sauti ya Samy kwenye simu.

"Mama, tupeleke dosie," Samy alisema. "Niko na haki ya kusema mama yangu ni nani."

"Na wakikurudisha hapa? Umeme unakatika hata mara nne kwa siku. Utaiambia damu yako ingojee?"

"Avoka amesema hawatafika huko."

"Amesema anafikiri. Mimi siweki mutoto juu ya anafikiri."

"Kwa hiyo nife peke yangu?"

Emerance, simu sikioni, alitazama ukuta, mahali picha ya muzee Twagirimana inaning'inia, amevaa koti lake la harusi.

"Umekula nini leo?" akauliza.

"Mukate."

"Weka maji kwenye moto. Kidogo, si madaktari wamekupimia maji? Weka na simu karibu. Tia unga polepole, mukono mwingine ukoroge."

Samy akakoroga. Kijiko kilisikika kikigonga sufuria. Mama yake alimuongoza mpaka uji ukashika, akamusikia akinywa, akimeza, akipumua. Kisha wakaagana. Dosie haikutajwa tena, na wote wawili walijua haitatajwa.

Alipoweka simu chini, alikuta Rosine ameacha viazi. Mutoto wake hajaandikishwa. Kijana Jephté, baba wa mutoto, yuko hai lakini ng'ombe hazijaja, na Célestin alikuwa amekwisha kupasi shati: asubuhi ataenda komini, ofisi ya serikali, kumuandikisha mujukuu kwa jina lake na la muke wake. Célestin alilisema kwa furaha, kama baba yake Twagirimana alivyofurahi siku ya Samy.

"Rosine. Leta mutoto hapa."

Rosine akamuleta. Emerance alimupokea, akamulaza juu ya mapaja, akamufunga vizuri kitenge.

"Kesho komini ikifunguka, wewe uwe umekwisha kusimama mulangoni. Chukua kile cheti cha matirniti, walichokupa ulipozaa. Wakikuuliza mama wa mutoto ni nani, sema jina lako lote, ungojee mpaka waliandike, ulisome, njo utoke."

"Papa atakasirika, shangazi. Atasema nimemunyima mutoto baba."

"Atakasirika. Mutume kwangu akasirikie hapa, nitamupa kiti. Wewe nenda."

Akamurudishia mutoto, akavuta beseni la viazi, akaendelea kumenya pale Rosine alipoachia.