Bendeji Niliyojifunga Mwenyewe

Hii naona aibu kuisimulia hata leo (na ninyi mnaojua historia ya kichwa changu msicheke), lakini kwa kuwa mmeuliza kwa nini sikumwoa Adela, jueni ni kwa sababu ya bendeji niliyoinunua mwenyewe kwenye duka la dawa pale Pasiansi.

Miaka ile ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa nchini, nilikuwa na uvimbe kwenye ubongo, mdogo, kama kunde, na kaka yangu aliyekuwa Ulaya akanitafutia hospitali wanakotibu kwa mionzi. Hawapasui. Wanakufunga fremu ya chuma kichwani kwa skrubu nne, unalala kwenye mashine, miale myembamba inatoka kila upande na kukutana palepale penye uvimbe, imekwisha. Asubuhi niliingia, jioni nikanywa supu, na wiki chache baadaye nikashuka Mwanza na nywele zangu zote na vidoa vinne ambavyo hata mimi nilivitafuta kwa kioo.

Watu wakaja kunipa pole, na sukari na kuku, wakakaa, wakanikagua. Shangazi yangu akauliza, "Sasa wamekupasua wapi?" Nikaeleza habari za miale, akamwangalia jirani, jirani akamwangalia kuku wake. Nikachoka. Kesho yake nilitakiwa ukweni, kwa kina Adela mchumba wangu, Buzuruga, nikaona nisirudie maelezo, nikajizungushia bendeji, na kwa kuwa ilionekana mpya mno nikaidondoshea iodini kidogo upande wa kulia.

Ilifanya kazi kuliko nilivyotaka. Mama yake Adela alilia, akina mama wa jumuiya wakaanzisha sala, na nilipoulizwa kama niliusikia msumeno, nikajikuta nasema niliusikia, kwa mbali. Adela alikaa karibu na mlango na bakuli la senene wa kukaanga mapajani, bila kuwala, ananitazama.

Nilichosahau ni kwamba baba yake alifanya kazi ya udresa Kagera miaka mingi (yaani kufunga vidonda ndiyo maisha yake).

"Kijana, hii umefungwa na nani?"

"Hospitali, mzee."

"Hospitali gani inafunga fundo la viatu? Adela, lete maji ya moto."

Aliifungua taratibu, mzunguko mmoja mmoja, akina mama wamejiziba midomo, mpaka kikabaki kichwa changu, kizima, nywele zimechanwa vizuri.

"Waitu!" akamaka mama yake Adela kwa Kihaya.

Nikaanza kueleza fremu, skrubu, miale, kila neno la kweli, na hakuna aliyesikiliza isipokuwa mzee, ambaye alilipapasa paji la uso wangu mpaka akavipata vile vidoa.

"Inawezekana uliumwa kweli," akasema bila hasira. "Lakini mimi sasa nitajuaje?"

Adela alinisindikiza mpaka barabarani. Ni yeye peke yake niliyemwandikia kutoka hospitali, kurasa nne, nikamweleza kwamba hakuna kisu, na nilikuwa nimedhani atanifichia siri.

"Barua yako ninayo," akasema. "Nilikaa pale nangoja useme kweli. Ulipofika kwenye msumeno nikaacha kungoja."

Picha ya ubongo ya mwaka uliofuata ilionyesha uvimbe umesinyaa. Nilifurahi, kisha nikaumia, maana mtu niliyetaka kumwonyesha alikuwa ameshaolewa Geita. Tangu siku ile hata nikijikata kweli na kisu cha jikoni sifungi kitu, naacha damu ijikaukie yenyewe watu wakiiona.